Mbu hazaliwi kwenye majani

Wandugu, habari za mahali mlipo: ninyi wa Nkamira, wa Mahama, wa Kiziba, na sisi tuliopanga vyumba hapa Mbugangari karibu na mpaka. Wakubwa wa mashirika mnaosoma huku kimyakimya, karibuni pia. Leo kuna maneno yenu.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya salongo, au umuganda kama wenyeji wanavyosema. Tunapewa mapanga na majembe, tunaambiwa: kateni majani, mbu wanakaa humo. Tunakata kweli, tena kwa nguvu. Mwisho tunapiga picha, picha inaingia kwenye ripoti, kila mtu anaenda kula. Baada ya wiki mbili watoto wanapanga mstari kupimwa malaria, na watu wanaulizana: kwani si tulikata majani?

Mimi maoni yangu ni haya: tunapigana na mdudu kwenye anwani isiyo yake. Na tukiendelea hivi tutachoka bure, watoto wataendelea kuugua, na mwisho tutaanza kutafuta mtu wa kulaumu.

Sio daktari mimi. Nimemaliza sekondari tu, na sasa najitolea kwenye usafi na afya kambini. Lakini haya ninayoandika yako kwenye kitabu cha biolojia cha shule yoyote. Shida ni kwamba tukishafanya mtihani tunayaacha kwenye daftari.

Tuanze na mbu. Mbu jike anataga mayai kwenye maji. Yai linatoa kiluwiluwi, kile kidudu kinachocheza-cheza kwenye maji. Kiluwiluwi kinakuwa buu, buu linapasuka, mbu anaruka. Safari hiyo yote, kutoka yai mpaka mbabe wa kuuma, inachukua kama siku 7 mpaka 14 kufuatana na joto. Kwenye baridi inachelewa, kwenye joto inaharakishwa. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayotokea kwenye jani kavu. Majani ni hoteli tu. Mbu mkubwa anaenda kupumzika pale kivulini mchana, lakini pa kuzalia ni maji.

Kwa hiyo ukikata majani umemfukuza mgeni hotelini. Atahamia chini ya kitanda chako, au nyuma ya nguo ulizotundika ukutani. Wadogo zake wanaendelea kuzaliwa palepale, mita hamsini kutoka kwako, kwenye maji ya robine yaliyomwagika.

Sasa maji gani? Hapo ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tunadhani mbu wote ni ndugu wa mama mmoja. Hapana. Kila aina ina anwani yake.

Mbu wa malaria, anaitwa Anofelesi, hapendi maji ya kunuka. Yule aliye hatari zaidi huku kwetu Afrika anapenda maji madogo, safi-safi, yanayopigwa na jua. Alama ya kwato ya ng'ombe iliyojaa mvua inamtosha. Alama ya tairi kwenye balabala ya udongo inamtosha. Shimo mlilochimba udongo wa rukarakara mkaliacha wazi, kwake hilo ni kasri. Pembeni mwa bonde la mpunga pia. Yuko na binamu yake anayependa maji ya kudumu yenye majani ya majini, kama pembeni mwa ziwa au kinamasi.

Mbu wa pili, Kuleksi, ndiye yule wa kelele usiku. Huyo anapenda maji machafu: mfereji uliokwama, shimo la choo, maji ya kufulia. Anakunyima usingizi lakini malaria sio kazi yake. Watu wengi wanamwona huyu chooni, wanasema tumeona mbu wa malaria. Hapana, mmeona mpiga kelele.

Mbu wa tatu, Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana. Huyo anazaa kwenye vyombo: bidoni lisilo na mfuniko, tairi la zamani, kopo, tenki la kuhifadhia maji. Ndiye anayeleta homa ya dengi na chikungunya. Neno chikungunya lenyewe linatoka Kimakonde, mambo ya mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Mombasa walipigwa nao mwaka 2018, na Dar es Salaam walipata dengi kali mwaka 2014. Hiyo ni miji. Huyu mbu hahitaji kichaka hata kidogo. Anakuhitaji wewe na bidoni lako.

Njia rahisi ya kuwatofautisha wakiwa bado wadogo ni hii. Chota maji kwa kikombe cheupe, kitulize, angalia. Viluwiluwi vya Anofelesi vinalala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Vya Kuleksi na Aedesi vinaning'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu wana kamrija ka kupumulia. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujifunza hilo kwa dakika tano. Nimeshuhudia, tena wanafurahia kuliko sisi wakubwa.

Najua mtu atasema, mbona bibi zetu walisema malaria inatoka kwenye mahindi? Tusiwacheke. Wazungu nao waliamini ni hewa mbaya ya mabwawa, na jina lenyewe malaria kwa Kiitaliano ni hewa mbaya. Mpaka tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu kule Secunderabad, India. Na kuhusu mahindi, bibi alikuwa na nusu ya ukweli. Watafiti Ethiopia waliona kwamba unga wa maua ya mahindi ukidondoka kwenye vidimbwi unakuwa chakula cha viluwiluwi, wanakua haraka na wengi. Lakini angalieni vizuri: bado ni kidimbwi. Mahindi bila kidimbwi hayazai mbu. Kidimbwi bila mahindi kinazaa.

Wadudu wengine wanaouma nao wako hivyohivyo, kila mmoja na kwake.

Usubi, kale kainzi kadogo keusi kanakouma kandokando ya mto, kinyume cha mbu hakataki maji yaliyosimama. Kanataka maji yanayokimbia, kwenye maporomoko na mawe, juu viluwiluwi vyake vinahitaji hewa nyingi. Ndiko unakotoka upofu wa mito unaojulikana sana Kongo na Uganda. Kuna aina moja ya usubi ambayo watoto wake wanaishi wamejishikiza juu ya mgongo wa kaa wa mtoni. Watu waliwatafuta kwa miaka mingi bila kuwaona, mpaka karibu mwaka 1950 walipogundua hilo. Kenya baada ya kujua wadudu wanakaa wapi, waliweka dawa kwenye mito ya Nyanza na usubi huyo akaisha. Kabla ya hapo mtu angefyeka pori lote na asingepata kitu.

Mbung'o hatagi mayai kabisa. Anazaa mtoto mmoja kwa wakati, anamwacha kwenye udongo laini wa kivulini, anajichimbia. Wale walioko mashariki karibu na hifadhi ya Akagera wanamjua.

Funza wanaanza kwenye vumbi. Sakafu ya udongo mkavu, mahali mbuzi na nguruwe wanalala, ndipo wanapokulia. Huyu funza hata si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini mpaka Angola mwaka 1872, akavuka bara zima kwa miguu ya watu, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika pwani ya Zanzibar. Mtoto mwenye funza tusimwite mchafu. Anaishi kwenye vumbi. Mpe viatu na sakafu iliyosiribwa.

Kunguni, majirani wanaita ibiheri, anwani yao ni nyufa za kitanda na ukuta. Chawa wa mwili anwani yake ni mshono wa nguo. Na hapa naomba ndugu zetu Warundi wanisaidie kukumbuka. Miaka ya 1995 mpaka 1997 Burundi ilipata homa ya tifasi ya chawa, wenyewe waliiita sutama. Ilianza gerezani Ngozi, ikaingia kwenye makambi ya watu waliokimbia vita, wagonjwa wakapita 100,000. Kwa nini makambini? Sio kwamba watu wa kambi ni wachafu. Ni baridi ya milima, watu wamebanana, na kila mtu yuko na nguo moja anayolala nayo na kuamka nayo. Chawa akitoka kwenye nguo ya mtu anakufa ndani ya siku chache. Dawa ilikuwepo, lakini kinga ya kweli ilikuwa nguo ya pili na maji ya moto ya kufulia. Yaani nguo ya pili ilikuwa dawa. Hilo nalo wakubwa wetu waliandike.

Sasa kwa nini naandika haya nikiwa Mbugangari, mahali ambapo mtu anaweza kulala wiki nzima bila kusikia mbu? Ni kwa sababu ya hapo hapo.

Huku Rubavu tuko juu, kuna baridi, na ardhi yetu ni mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapotelea chini ya mawe. Wale wa Goma wanajua: mvua kubwa asubuhi, mchana unatembea pakavu. Vidimbwi havikai siku kumi, na siku kumi ndizo mbu anazohitaji. Watu wetu wengi wanaovuka wanatoka milima ya Masisi, baridi zaidi kuliko hapa. Wanafika kambi ya muda Nkamira, nako baridi. Halafu siku moja wanapanda basi wanapelekwa Mahama, Kirehe, upande mwingine wa nchi.

Mahama si Nkamira. Kambi ile ilifunguliwa Aprili 2015 kwa ajili ya Warundi, mwaka 2021 wakaongezwa Wakongomani wa Gihembe, na tangu 2023 wanaendelea kufika wa kwetu. Iko chini, kuna joto, iko karibu na mto Akagera na vinamasi vyake. Mtu aliyekulia kwenye malaria mwili wake umejifunza kidogokidogo kupigana. Mtu wa milima hajajifunza. Kwa hiyo sio watoto wadogo tu wanaolala kitandani, hata baba mwenye nguvu zake anaanguka.

Mama mmoja wa Masisi alinipigia simu mwezi mmoja baada ya kuhamishwa. Watoto wake watatu wote walikuwa wameugua, mmoja alilazwa. Akaniuliza, "Mwanangu, kule juu hatukujua hii kitu. Huku wametuloga?" Nikamuuliza robine iko wapi. Akasema, iko nyuma ya nyumba, na pembeni kuna shimo la matofali, watoto wanaogeleaga humo. Nikamwambia, "Mama, hakuna aliyekuloga." Tukaongea mpaka salio likaisha.

Angalieni hatari iliyopo pale. Mama akikosa jibu la kweli atatafuta jibu lingine. Atasema ni jirani Mrundi. Mrundi atasema malaria imezidi tangu Wakongomani wafike. Wenyeji wa kijiji watasema ni wakimbizi wote. Nimesikia maneno ya namna hiyo kwa masikio yangu. Shimo moja la maji lisilofukiwa linaweza kuleta ugomvi wa makabila matatu.

Sasa nijibu wale watakaonipinga, maana nawajua.

Wa kwanza atasema: mustikere inatosha. Mustikere, chandarua, supaneti, iite unavyotaka, kweli ni silaha kubwa. Kati ya mwaka 2000 na 2015 vyandarua ndivyo vilivyozuia zaidi ya nusu ya wagonjwa wa malaria waliookolewa Afrika. Mimi sisemi tuache. Lala ndani yake, usifungie bustani ya mboga, sawa? Dawa inayopuliziwa ukutani nayo inasaidia. Lakini saa moja jioni mama anapika nje, watoto wako nje, vijana tuko nje na simu zetu. Mustikere haitembei na mtu. Na kuna mbu wa malaria wanaouma nje, mapema.

Wa pili, huyo ni mtu wa shirika mwenye kompyuta, atasema: Shirika la Afya Duniani linashauri kushughulikia mazalia pale tu ambapo ni machache, hayahamihami na yanapatikana kirahisi. Kweli kabisa. Kinamasi cha Akagera hakuna salongo itakayokimaliza. Lakini ndani ya kambi? Robine zinahesabika. Mashimo ya rukarakara yanahesabika. Mifereji inahesabika, tena mliichora ninyi kwenye ramani yenu. Kama kuna mahali duniani ambapo maji ya kusimama yanapatikana kirahisi, ni kambini, ambako kila mita ya ardhi iko na namba.

Na huku Rwanda sio jambo geni. Kule Ruhuha, Bugesera, wakulima wa mpunga walifundishwa kupulizia mashamba yao dawa ya Bti, bakteria inayoua viluwiluwi bila kudhuru watu. Walifanya wanakijiji wenyewe, sio wataalamu wa kutoka mbali. Kama mkulima wa Bugesera anaweza, kijana wa Mahama anashindwa nini?

Wa tatu atasema: kwa hiyo tusikate majani? Kateni. Majani marefu mlangoni yanaficha nyoka, yanaficha kupe, na mbu anajificha pia. Lakini tusiyaite kazi ya kuzuia malaria, halafu tukaenda nyumbani na roho safi. Saa tatu za majani na dakika sifuri za maji, hiyo ndiyo shida yangu.

Basi naomba nini?

Kwetu vijana: salongo ijayo tugawane. Nusu wabaki na mapanga, nusu wachukue kikombe cheupe na majembe. Tuzunguke kila robine, kila shimo, kila balabala. Kidimbwi kidogo tukifukie au tukichimbie njia ya kutoka. Bidoni na tenki zifunikwe, au zimwagwe na kusuguliwa mara moja kwa wiki. Kwa nini wiki? Kwa sababu mbu anahitaji siku saba au zaidi. Ukimwaga kila wiki hatamaliza shule. Na anayetengeneza matofali afukie shimo lake kabla ya mvua. Mvua kubwa zinaanza Machi, kwa hiyo Februari ndiyo mwezi wetu, tusisubiri watu waugue.

Kwa mashirika: tuna mikono, hatuna mawe wala saruji. Kila robine ijengewe shimo la mawe la kunyonya maji yanayomwagika. Mwenye kandarasi ya nyumba za matofali alazimishwe kwenye mkataba kufukia mashimo. Na tafadhali, kabla basi halijaondoka Nkamira kwenda Mahama, wapeni watu nusu saa ya maelezo kwa lugha yao: mnaenda kwenye joto, kuna malaria, mtoto akipata homa siku hiyohiyo apelekwe kwa mshauri wa afya akapimwe, na mbu wanazaliwa hapa na hapa. Mustikere wapewe usiku wa kwanza, sio baada ya kusajiliwa. Mbu hasubiri kadi.

Na ripoti zenu. Najua mnapenda namba. Basi badala ya kuandika mita za mraba za majani yaliyokatwa, andikeni: mwanzo wa mwezi sehemu ngapi zilikuwa na viluwiluwi, mwisho wa mwezi ngapi zimebaki. Hiyo namba sisi tunaweza kuwapa kwa kikombe cha chai.

Kuna historia moja nataka muichukue. Miaka ya 1900 na kitu, malale yaliua watu wengi sana Busoga, pembeni mwa ziwa Victoria upande wa Uganda. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka ufukweni, wakaacha mashamba na nyumba zao, kwa sababu ya mbung'o. Sisi tumeshahamishwa vya kutosha, na vita, na volkano. Palipo na mdudu anayeweza kuhamishwa yeye, tumhamishe yeye.

Mlioko Mahama, wiki hii pigeni picha ya maji yaliyosimama karibu na robine yenu, muweke hapa chini na namba ya kijiji chenu, bila sura za watu. Nitaziweka zote pamoja nizipeleke kwenye kikao cha kamati. Na sisi wa Mbugangari tusijione salama: angalieni yale matairi kwenye gereji, na bidoni za mvua nyuma ya nyumba. Kikombe cheupe kila mtu anacho.